Sarafu ya Kekeo wa Kwanza

Nyumba ya Kuuguzia, chumba namba 9
Alhamisi, 2 Aprili 1998

Mdogo wangu Hester,

Nyonga imeunga, ndivyo wanavyosema. Chakula hakina chumvi, chai yao ni maji yaliyoonyeshwa majani kwa mbali, na dirisha langu linatazama maegesho ya magari. Tangu niletwe hapa nimeona njiwa saba na gari moja jekundu. Habari zangu zimeishia hapo.

Nakuandikia kwa sababu ya daftari. Liko kwenye droo ya meza ya jikoni, chini ya mishumaa, lile lenye jalada la kijani. Tangu mwaka hamsini na saba nimeandika humo siku ya kwanza ya kila ndege anayerudi Hatchley baridi ikiisha, na mkubwa wao ni kekeo. Machipuko arobaini na moja, Hester, halikuruka hata moja. Mwaka huu nimelazwa kama gogo, kwa hiyo utalishika wewe.

Najua hujui ndege. Miaka kumi na miwili tumekaa nyumba moja tangu Wilfred wako afe, na bado kila ndege mdogo kwako ni shomoro. Haidhuru. Kekeo hatafutwi kwa macho. Nenda asubuhi hadi darajani, simama, funga mdomo (hapo ndipo pagumu), sikiliza upande wa miti ya mierebi. Anatoa sauti mbili, ya juu kisha ya chini. Tetere anatoa tatu. Ukisikia tatu, rudi nyumbani ukanywe chai.

Soma kanuni ukurasa wa kwanza kabla hujashika kalamu. Na usipige simu tena, simu ya hapa inavuma kama mzinga wa nyuki.

Kaka yako,
Aubrey


Hatchley
Jumatatu, 6 Aprili

Kaka Aubrey,

Salamu nimezitafuta katika barua yako mbele na nyuma, sikuziona. Basi nazitanguliza mimi: hujambo? Mimi sijambo, ila goti.

Daftari nimelipata. Kanuni nimeisoma kwa sauti, jiko zima likasikia: "Lisiandikwe humu ila lile ambalo mwandishi ameliona au amelisikia mwenyewe, siku ile ile." Kumbe ujanani ulikuwa na mwandiko mzuri! Nani aliuharibu?

Siku tatu sasa nimekwenda darajani na koti lako, maana langu halizuii upepo. Mfukoni nimekuta nusu biskuti ya mwaka jana. Nimemwona ndege mwembamba juu ya jiwe anayetikisa mkia bila kuchoka, na huyo si shomoro, hata mimi nimeona. Kekeo bado.

Sasa la maana. Nesi Oonagh amenipigia. Anasema wakikuletea fremu ya kutembelea unageukia ukutani. Kwa nini, kaka? Februari daktari alisema mfupa ni mzima, kilichobaki ni miguu kukumbuka kazi yake.

Na kuhusu simu, nimekuelewa. Barua haina macho, acha niseme. Ni mimi niliyeosha kizingiti cha nyuma asubuhi ile, maji yakaganda. Nilikupigia kelele, "Aubrey, barafu!" Ukaja tu, kama mtu aliyechoka kuambiwa, ukateleza. Nalifikiria jambo hilo kila ninapofungua ule mlango. Kama hutaki kuisikia sauti yangu, una haki. Lakini simama, tafadhali.

Dada yako,
Hester


Chumba namba 9
Jumatano, 15 Aprili

Hester,

Habari ya kizingiti iache. Nitaieleza siku yake, na si unavyodhani.

Ndege wa jiweni ni tikisa. Mwandike. Biskuti ilikuwa akiba.

Nikuambie mapema usije ukaambiwa na wengine. Jumanne ya tarehe 19 Mei kuna kikao juu yangu: daktari, Nesi Oonagh, na mama mmoja mwenye faili. Nisipoweza kufika mwisho wa korido na kurudi kwa miguu yangu, watanitafutia kitanda cha kudumu, na Hatchley ndiyo basi. Pengine ni sawa. Mtu wa miaka sabini na tisa anahitaji kiti na dirisha tu, na dirisha ninalo.

Wewe niambie tu kekeo akifika. Mwaka jana aliingia tarehe 22 Aprili, mwaka juzi 21, mwaka wa kabla yake 22. Hawezi kukosa.

Aubrey


Hatchley
Jumamosi, 25 Aprili

Kaka,

"Pengine ni sawa"? Si sawa hata kidogo! Nani atakula marmaladi ya machungwa yote hii? Nimepika chupa kumi na nne Januari kwa hesabu ya watu wawili. Usiniletee maneno ya kiti na dirisha.

Ngoja nikuchekeshe. Gazeti la kanisa limetoka, na ukurasa wa pili, chini ya ratiba ya kengele, wameandika: "Bwana Mostyn wa Nyumba ya Kinu amemsikia kekeo wa kwanza wa mwaka, tarehe 14 Aprili, akiwa kitandani." Mostyn! Ana miaka mitatu hapa, viatu vyake vya matope bado vina nembo ya dukani. Nikavaa kofia nikaenda kwake. Akanikaribisha bustanini, akainua kidole: "Msikilize, Bi Hester, huyo hapo!" Nikamsikiliza. Alikuwa juu ya bomba la moshi la Mostyn mwenyewe, mnene, ana kola nyeusi shingoni. Nikamhesabia kwa vidole: moja, mbili, tatu. Nikasema, "Bwana Mostyn, huyu ni tetere." Akasema, "Basi wangu ni kekeo mwenye bidii."

Mbayuwayu wamefika tarehe 17, wawili, wameingia banda la baiskeli na kutoka wakinigombeza. Nimewaandika kwa wino. Kekeo bado. Nakwenda saa kumi na mbili kila siku, naganda pale mpaka saa moja na nusu. Labda ni mimi nisiyejua kusikiliza. Ua wa miiba umeanza kuwa mweupe, na darajani kumejaa kila sauti isipokuwa hiyo yako.

Umesimama? Umeniandikia ukurasa mzima wa tarehe za ndege na hujasema kama umesimama.

Hester


Hatchley
Ijumaa, 1 Mei

Kaka Aubrey,

Amekuja. Leo saa kumi na mbili na nusu, kwenye mwerebi wa tatu kutoka darajani, kulikuwa na ukungu. Sauti mbili, ya juu kisha ya chini, mara tano. Kila kitu kimeandikwa.

Kula, basi. Na usimame.

Hester


Chumba namba 9
Jumanne, 5 Mei

Hester, Hester, mdogo wangu,

Barua yako imefika jana mchana. Nimeisoma mara nne, kisha nimemwita Nesi Oonagh nikamwambia lete hicho chuma chenu. Nimefika mlangoni! Leo asubuhi nimefika kwenye kabati la mashuka, ambalo ni nusu ya korido. Amepiga makofi kama nimeshinda mbio. Nimekula mayai mawili, na nikaomba chumvi wakanipa.

Sasa nitakwambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nimeficha sana.

Masikio yangu yamekufa. Hayakufa siku moja. Kwanza walinipotea wale wadogo wenye sauti nyembamba, mmoja baada ya mwingine, nikasema wamepungua. Kekeo ana sauti nzito, nilijua atabaki wa mwisho. Mwaka wa tisini na tano nilisimama darajani kuanzia tarehe 15 Aprili hadi mwisho wa Mei, sikusikia kitu. Na sikujua, Hester, kama ni yeye aliyekoma kuja au ni mimi. Ningekuuliza ungejua kuwa nimekuwa kiziwi. Ungeniondolea baiskeli. Ungeanza kunisemesha polepole kama mtoto. Basi nikarudi nyumbani nikaandika "22 Aprili". Mwaka uliofuata nikaandika "21". Mwaka jana tena "22". Ni uongo miaka mitatu, kwenye daftari lenye kanuni ile ukurasa wa kwanza, kwa mkono wangu mwenyewe.

Ndiyo maana nimegeukia ukuta. Nililala hapa nikiwaza kwamba kekeo amekwisha Hatchley, mimi ndiye niliyefunika kaburi lake kwa wino, na sasa nimemtuma dada yangu asimame kwenye baridi akimsubiri ndege aliyekwisha. Kumbe yupo! Bado anakuja! Kilichoharibika ni masikio yangu tu, dunia ni nzima. Hujui umeniondolea mzigo gani.

Simu nayo ni hivyo hivyo. Haivumi. Mimi ndiye nisiyesikia. Na siku ile ya barafu sikukusikia ukipiga kelele, ni barua yako iliyonijulisha kuwa ulinionya. Huna kosa lolote, umesikia? Futa hilo moyoni.

Haya, nipe raha iliyobaki. Uligeuza sarafu gani? Niambie hukutoka bila sarafu mfukoni, maana Mama angefufuka akuchape.

Kaka yako,
Aubrey


Hatchley
Ijumaa, 8 Mei

Kaka yangu,

Isome hii ukiwa umekaa.

Sikumsikia. Tarehe mosi Mei nilisikia maji na trekta ya jirani zetu kina Garside, basi. Siku moja kabla, Nesi Oonagh alikuwa amenipigia kwamba hujagusa chakula siku mbili, na kila ukiulizwa unasema, "Kekeo hajaja, basi." Nikakaa mezani nikakutungia kekeo. Mwerebi wa tatu, ukungu, mara tano, vyote nimevitunga na chai mkononi. Daftarini sikuandika. Nilifungua ukurasa, nikashika kalamu, mkono ukakataa.

Njia ya mwongo ni fupi, yangu imekuwa ya siku saba. Ungeniuliza lolote lingine ningekujibu. Ungeuliza alitazama upande gani, ningekupa upande. Lakini sarafu! Nilimwona Mama pale kwenye ngazi ya nyuma, mikono ina unga, anatuambia kekeo wa kwanza akilia ugeuze sarafu iliyo mfukoni, upate mwaka wenye kheri, na asiyekuwa nayo shauri yake. Siwezi kusema nimegeuza sarafu ya Mama na sikuigeuza. Nisamehe. Nilitaka usimame, sikuwa na kitu kingine cha kukusimamisha.

Lakini kuna la pili, na hili ni kweli tupu, naapa kwa kaburi la Wilfred. Wewe hukudanganya. Alikuja! Mwaka wa tisini na tano, tisini na sita na mwaka jana, nilimsikia yote mitatu. Huwa ni Jumatatu, naanika nguo, anaanza kule ng'ambo ya kinu cha kusagia. Mfuko wa aproni yangu una vibanio na ile sarafu ya peni kumi ya siku zote, naigeuza, naendelea na mashuka. Sikukuambia kwa sababu nilijua umemsikia kabla yangu. Wewe mtu wa ndege, mimi mtu wa nguo. Nani humkumbusha mchungaji kwamba leo ni Jumapili?

Unakumbuka mwaka jana? Uliingia na matope hadi magotini ukasema, "Amekuja." Nikiwa nimekupa mgongo kwenye sinki nikajibu, "Najua." Ukapita bila neno, ukaenda chumbani ukafunga mlango. Nikadhani nimekuudhi kwa kukuharibia habari. Mwaka mzima nimekuwa nikijiambia, Hester, ungeigiza mshangao kidogo ingekugharimu nini?

Kumbe hukunisikia. Miaka mitatu tumekula meza moja, wewe unaandika ndege usiyemsikia, mimi namsikia na siandiki. Mwongo wa kweli katika nyumba hii ni mmoja tu, ndiye anayetia sahihi hapa.

Mwaka huu bado. Nimekwenda na leo pia.

Dada yako,
Hester


Hatchley
Jumatano, 13 Mei

Kaka,

Siku tano. Tarishi ananionea huruma sasa, anapunga mkono mtupu akiwa bado barabarani ili nisitoke bure. Nesi Oonagh anasema barua yangu ulipewa Jumamosi, ukaisoma, ukaomba mlango ufungwe. Hakutaka kusema zaidi.

Nitukane basi, lakini kwa maandishi.

Hester


Chumba namba 9
Ijumaa, 15 Mei

Hester,

Nilikasirika, sitaficha. Jumamosi na Jumapili sikutoka kitandani. Nilijiona mjinga, mzee anayetembezwa korido na ndege wa kutungwa. Jumatatu asubuhi nilikuwa nanyolewa ndevu nikakumbuka lile neno lako pale kwenye sinki. "Najua"! Nikaanza kucheka na povu usoni, Nesi Oonagh nusura anikate. Miaka mitatu nimejificha kama mwizi, na ukweli ulikuwa nyuma yangu ukiosha vyombo.

Halafu nikatazama miguu yangu. Ilitembea hadi kabati la mashuka kwa ajili ya kekeo asiyekuwepo, na haikujua tofauti. Nikaiambia, basi tembea. Jana imefika mwisho wa korido. Kurudi nilirudi na kiti cha magurudumu, lakini hadi Jumanne nitarudi nayo.

Nimewaambia pia juu ya masikio. Kifaa nitapata Julai, foleni ni ndefu. Mpaka wakati huo utanipigia kelele, nami nitakuvumilia.

Nakuomba jambo moja tu. Usinitungie tena, hata nikifa njaa. Daftari linafungwa tarehe 31 Mei. Asipokuja, andika "Hakusikika", kwa wino, herufi kubwa. Mstari ukikatika, umekatika. Nitaubeba.

Aubrey


Hatchley
Jumatatu, 18 Mei, saa mbili asubuhi

Kaka Aubrey,

Mikono yangu bado ina maji, usicheke mwandiko.

Leo sikwenda darajani. Mvua ya siku mbili ilikuwa imekatika, nguo zimerundikana, nikasema kekeo atanisamehe. Nimeanika mashuka mawili na soksi. Saa moja na robo nilikuwa na foronya mdomoni na kibanio mkononi, akaanza. Ng'ambo ya kinu, pale pa siku zote. Mbili, akanyamaza. Mbili tena. Nilihesabu vidole, kaka, nilihesabu kama mtoto wa darasa la kwanza, nikimngoja alete ya tatu awe tetere. Hakuileta. Nikaketi chini kwenye majani yenye maji nikalia na foronya yangu.

Hakuna shahidi. Mostyn amesafiri kwenda kwa binti yake, na kina Garside walikuwa wanakamua ng'ombe. Ni mimi peke yangu, na mimi ndiye niliyekuandikia tarehe mosi. Najua neno langu lina bei gani sasa.

Kwa hiyo daftari sijaligusa. Liko mezani limefunguliwa, kalamu juu yake, mstari wa arobaini na mbili uko wazi. Ukinambia niandike "Hakusikika", nitaandika, wala sitabisha.

Peni kumi nimeigeuza. Nimeibandika hapa chini kwa karatasi ya gundi, upande uleule uliokuwa juu nilipoigeuza. Sina ushahidi mwingine.

Hester


Chumba namba 9
Jumatano, 20 Mei

Mdogo wangu,

Jana nimekwenda korido yote na kurudi, mara mbili, mama mwenye faili akaifunga. Narudi nyumbani Ijumaa na gari la saa nne. Mwaga chumvi ya kuyeyusha barafu kizingitini hata kama ni Mei.

Chukua kalamu. Andika: "Jumatatu 18 Mei, saa moja na robo, ng'ambo ya kinu. Alisikiwa na Hester." Kisha rudi kwenye miaka ile mitatu, piga mstari juu ya maandishi yangu, na uandike jina lako hapo pia, na Jumatatu ya kila mwaka. Kanuni inasema aliyesikia ndiye aandike, nami sikukuuliza.

Sarafu yako haikubaki ilivyokuwa, gundi iliachia njiani, nimeikuta inazunguka ndani ya bahasha. Sikuihitaji. Iko mfukoni mwangu sasa.

Jumatatu ijayo utaanika nguo, nami nitashika kikapu cha vibanio. Akilia, usiniambie kitu. Nivute mkono wa koti, niigeuze.

Kaka yako,
Aubrey